Leseni ya TV ya Waingereza: wote walipe kwa lazima au kila mtu anunue kifurushi chake?

Juzi kifurushi cha king'amuzi kiliisha mechi ikiwa dakika ya sabini, skrini ikabaki na maandishi tu, tukanyanyuka sebule nzima mpaka kibanda umiza cha mtaa wa pili, buku mlangoni na benchi la kugombania. Njiani ndo nikawa nawaza mjadala wa Waingereza kuhusu BBC, maana ukiuchimba wanabishania hichohicho, asiyelipa akatiwe au asikatiwe.

Kwa wasiofuatilia, kule ukiangalia TV laivu, chaneli yoyote ile hata kama BBC huigusi, lazima nyumba iwe na leseni. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na zote zikijumlishwa zinakaribia pauni bilioni 3.8 zinazoenda BBC. Usipolipa ukabambwa ni mahakamani, faini inaweza kufika pauni 1,000. (Mpaka leo kuna leseni ya bei chee ya TV ya blakendiwaiti na kuna watu wanailipia, msiniulize wanaangalia nini.) Mkataba wa kifalme wa BBC, yaani hati inayoipa shirika uhai wake, unaisha 31 Desemba 2027, ndo maana kelele zimerudi.

Wanaopinga leseni wana hoja, tena nzito. Anayefagia ofisi usiku analipa sawasawa na bosi mwenye hiyo ofisi. Wanaofikishwa mahakamani wengi ni wanawake, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mkaguzi akigonga hodi mchana ndo wanaokutwa nyumbani. Wazee wa zaidi ya miaka 75 walikuwa hawalipi, tangu 2020 wasiolipa ni wale tu wanaopata posho ya wazee wa kipato cha chini. Halafu kijana wa miaka ishirini na kitu yuko zake Netflix na YouTube, unamwambia alipie kitu ambacho hakiangalii, atakuelewa vipi?

Basi wanasema tufanye kifurushi, anayetaka alipe, asiyetaka aache. Kwenye karatasi inapendeza. Shida inaanzia kwenye waya: TV nyingi za kule zinadaka mawimbi kwa antena ya kawaida, hakuna kadi ya kuchomeka wala namna ya kumfungia mtu, na redio ndo kabisa, leseni ya redio ilifutwa 1971 na tangu hapo redio inabebwa na hela ya TV. Sasa redio utaikatia vipi?

Ila hata wangepata mtambo wa kufungia, mi bado ningesita, kwa sababu kituo cha kifurushi kinamfuata mwenye hela. Mpira utauzika, tamthilia itauzika. Habari za Kiwelsi, vipindi vya watoto, mwandishi anayekaa wiki mbili kwenye kikao cha halmashauri ambacho hakuna anayekijali, hivyo nani atanunua? Na sisi huku je? Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957, na tangu 2014 huduma yao ya dunia nzima inabebwa zaidi na leseni hiyohiyo, serikali inaongezea. Mwaka 2022, leseni ikiwa bado ya lazima, walitangaza kupunguza nafasi 382 kwenye huduma hiyo na redio ya Kiarabu na ya Kiajemi zikafungwa. Kwa kifurushi ingekuwaje?

Kuna wanaosema achana na vyote, serikali ilipe kutoka hazina. Hapo mi naogopa zaidi. Machi 2025 Sauti ya Amerika, inayolipiwa na serikali ya Marekani, ilizimwa kwa amri ya rais, wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaambiwa wakae nyumbani, idhaa ya Kiswahili nayo kimya. Siku moja tu! Na leseni ya lazima isiyo na meno nayo haisaidii, Afrika Kusini shirika lao la utangazaji, SABC, linadai randi 265 kwa mwaka na zaidi ya nyumba nne kati ya tano hazilipi.

Kwa hiyo mi niko upande wa lazima lakini sio kwa staili ya kugongeana hodi. Finland tangu 2013 walifuta leseni wakaweka kodi ya utangazaji inayofuata kipato, wa chini kabisa halipi, wa juu ana kikomo, na hela inaingia kwenye mfuko wake peke yake. Sio dawa ya kila kitu, wanasiasa wa huko nao wameshaibana bajeti, ila angalau mfagiaji na bosi hawalipi sawa. Kwetu isingefanya kazi, wengi wetu hatuna hata pay slip ya kukata.

Mzee wangu amesikiliza Dira ya Dunia ya BBC miaka na miaka, redio imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, betri zikichoka anazianika juani. Hajawahi kutoa hata shilingi. Aliyemlipia ni mama fulani huko Leicester ambaye pengine hajawahi kusikia neno moja la Kiswahili, na kesho akiletewa fomu aweke tiki anunue au asinunue, sioni kwa nini aweke tiki kwa ajili ya mzee wangu.