Ukuta Ulioanguka Kweli

Katika filamu ya Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, amesimama nje ya nyumba huku kimbunga kikivuma. Ghafla ukuta mzima wa mbele unamwangukia. Anapona kwa sababu amesimama pale pale linapoangukia dirisha la juu, nalo liko wazi. Ukuta huo haukuwa wa maboksi. Inasemekana ulikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Angesogea hatua moja tu, angekufa.

Nimeitazama mara nyingi na bado moyo unanienda mbio. Naamini siri iko kwenye kamera. Keaton aliiweka mbali na hakukatisha picha, hivyo tunaona nyumba nzima, mtu mzima, na tukio lenyewe tangu linapoanza hadi linapokwisha. Filamu nyingi za siku hizi hukatakata picha mpaka hujui nani kampiga nani. Kwake hakuna pa kujificha. Tena uso wake hautabasamu wala hauogopi, woga wote anatuachia sisi.

Ustadi huo aliuanza utotoni. Alizaliwa mwaka 1895 kwa wazazi wasanii wa jukwaani, na baba yake alikuwa akimrusha huku na huko watu wakicheka. Hapo ndipo alipojifunza kuanguka. Hata hivyo, alipokuwa akiigiza Sherlock Jr. ya mwaka 1924, maji ya tangi la reli yalimbwaga akavunjika shingo. Akaendelea na kazi! Madaktari waligundua miaka mingi baadaye, kwa picha ya eksirei.

Harold Lloyd naye, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, katika Safety Last! ya mwaka 1923, ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa iliyo kwenye ukuta wa jengo, juu ya barabara ya Los Angeles. Ni kweli, ukuta ule ulijengwa juu ya paa la jengo jingine, na chini paliwekwa magodoro. Lakini mtu huyo alikuwa na vidole vinane tu. Bomu lilikuwa limemkata viwili vya mkono wa kulia mwaka 1919.

Sitaki mwigizaji yeyote avunjike shingo ili mimi nicheke. Ninachotaka ni waongozaji watuamini tena, waiache kamera itulie na mwili ufanye kazi yake.

Filamu hizi zinapatikana bure na kihalali intaneti. Nakuomba usizitazame kwenye simu. Kwa kuwa kamera iko mbali, Keaton huwa mdogo sana humo. Tafuta televisheni kubwa au projekta, uite na watoto.