Camp hakuanza na yadi tano

Kuna makala inayosema Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale alileta sheria zote za soka ya Marekani kwa mkupuo. Sivyo. Mwaka 1880 alipata mambo mawili: wachezaji 11 badala ya 15, na timu moja kumiliki mpira kwenye mstari wa kuanzia kila mchezo, mchezaji wa kati akiurudisha nyuma kwa mguu (kwa mguu, si mkono!). Tatizo: hakuna kilichoilazimisha timu kuuachia. Mwaka 1881 timu za vyuo vya Princeton na Yale zilikumbatia mpira, kila moja kipindi chake, mechi ikaisha 0-0. Ndipo 1882 ikaja sheria ya majaribio matatu: songa yadi 5 au rudi 10, la sivyo mpira unakwenda kwa wapinzani. Ili kupima, uwanja ukachorwa mistari ya chokaa, ukafanana na wavu wa kuchomea nyama.