Watoto Wangu Milioni

Mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya kompyuta tulifika kwenye somo la mifumo endeshi, na humo nikakutana na amri iitwayo fork(). Programu ikiiita hiyo, inajizaa: mzazi yupo, mtoto huyo hapo, na wote wawili wanaendelea na kazi kuanzia mstari uleule. Zoezi lilitaka tuzae watoto 20, kila mmoja atafute namba tasa zake, kisha afe. Nikaandika lupu, yaani amri zinazojirudia, ya mara 20, nikaweka fork() ndani, nikajipongeza.

Neno moja tu lilinitoka: exit, amri ya kufa. Mtoto akimaliza hesabu zake hakufa, alirudi kwenye lupu akazaa. Wajukuu nao wakaiga. Hebu fikiria, watu wanatafuta namba tasa huku wanazaana namna hiyo! Kila mzunguko ukoo unakuwa maradufu: 2, 4, 8, 16... Ukifika wa 20 unazungumzia 1,048,576. Na seva ni ya darasa zima, saa 5 usiku, kazi zinakusanywa saa 6.

Seva ikaganda. Kwenye grupu wakaanza: "Nani kaua seva?" Nami bila haya nikaandika: "Jamani, watu wengine wana roho mbaya."

Kila mtoto kama huyo ni mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, na kumuua lazima uwe na namba yake. Amri ya kuorodhesha namba nayo ni mchakato, inahitaji nafasi ya kuzaliwa, na nafasi zote wanangu wamezikalia. Nikatoka koridoni, nikampigia rafiki yangu.

"Ua mzazi," akasema.

"Mzazi kafa zamani! Wamebaki yatima, na bado wanazaa. Wengine wameshakuwa mazombi, hata ukiwaua hawafi!"

"Basi hapo ni kuzima kila kitu, wafe wote pamoja."

Nikageuka. Mlinzi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, tochi imenielekea kifuani.

"Kijana, hao watoto ni wa nani?"

"Wangu, mzee." Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

"Wangapi?"

"Wanakaribia milioni."

Tochi ikapanda hadi machoni. Nikamweleza fork() kwa dakika kumi, kwa ufasaha ambao kwenye mtihani sikuwahi kuupata. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafakari, akauliza:

"Na mama yao?"

"Hawana mama, mzee."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Usiku uleule msimamizi aliizima seva akaiwasha upya, tukaongezewa siku moja. Asubuhi akabandika kwenye grupu orodha ya michakato aliyoikuta, mistari haiishi, na kila mstari una mmiliki mmoja. Ilikaa chini kidogo tu ya ujumbe wangu wa roho mbaya.

Jioni nikapita kwa mlinzi nimeinamisha kichwa. Akaniita kwa sauti ya chini:

"Vipi, leo wamelala?"