Mgeni hana mlango wa nyuma

Juzi kulikuwa na shughuli ya kumuaga kijana wa jirani hapa Cheyo, Tabora. Anakwenda kusoma Pune, India. Pilau limeliwa, dua imesomwa, wazee wamemaliza nasaha zao za kutosahau kwao, ndipo bwana mmoja wa rika langu, aliyewahi kusoma hukohuko, akamvuta kijana pale tulipokaa wanaume. Akamwambia: "Mdogo wangu, wakitangaza drai dei, siku ya kutouza pombe, usihangaike. Zunguka nyuma ya duka, gonga shata, toa hela mara mbili. Unapewa." Watu wakaangua kicheko, wengine wakagonga mikono. Kijana naye akacheka, ila nilimwona macho yake: somo limeingia.

Sikutaka kuharibu shughuli ya watu, nikanyamaza. Leo nayatoa.

Kwanza kwa ambao hamjafika: mwenzetu hakudanganya. India wana siku ambazo pombe haiuzwi. Tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba ni nchi nzima, na hiyo ya Oktoba ni siku ya kuzaliwa Gandhi, ambaye aliipiga vita pombe maisha yake yote, kwa hiyo walau wana adabu ya kumheshimu siku moja. Juu ya hizo kila jimbo linajiongezea za kwake kwa sikukuu za dini. Uchaguzi ukifika, maduka yanafungwa saa 48 kabla ya muda wa kupiga kura kwisha, halafu siku ya kuhesabu yanafungwa tena. Na msidhani tarehe 2 Oktoba mtajipoza kwa nyama choma. Miji mingi inafunga na bucha.

Nilipokuwa kule niliwasikia Watanzania wenzangu wakilalamika siku hizo kama watu waliofungwa gerezani bila kosa. Haki za binadamu! Saa 24 bila bia, mtu mzima anatafuta namba ya ubalozi. Thailand nao wana marufuku yao kwenye siku kubwa za Kibuddha, na watalii wanalia vilevile. Sina huruma nao. Mwenye duka anabandika tangazo siku kadhaa kabla, ununue jana yake unywe kwako, basi. Tatizo ni kwamba jana yake hiyohiyo foleni inafika barabarani, na ukichelewa unakuta zimebaki zile chupa za rangi ya dawa ya kikohozi.

Ila kununua mapema ni jambo moja. Kugonga shata usiku ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo nina ugomvi na yule bwana.

Tufikirie huo mlango wa nyuma unavyofanya kazi hapa kwetu Tabora. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe, Machi 2017, sote mtaani tulijua nani ana katoni uvunguni. Gongo ni haramu tangu hatujazaliwa, na bado kila mtu anajua nyumba ya kwenda. Mama anayepika unamjua, mama yake ulimjua, wanawe umesoma nao. Akikuuzia kitu kibaya kesho atakuona msibani. Polisi wakija, mtu anamkimbilia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampigia anayemjua, wazee wanakwenda kituoni na koti zao, yanaongelewa. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo ilivyo, na ndiyo maana mtu wa hapa akisikia "marufuku" anatabasamu. Amezungukwa na watu watakaomdaka akianguka.

Sasa mchukue kijana wa miaka 20 umweke nyuma ya duka Pune saa nne usiku. Nani wake? Mwenye duka ana shemeji yake diwani, ana wakili, ana lugha. Anayegonga shata ana pasipoti ya kigeni na rangi ya ngozi inayoonekana kutoka mwisho wa barabara. Polisi akitokea, nani kati yao atakuwa "kesi"?

Nina mfano, na jina nitalificha kwa sababu mwenyewe sasa ni baba wa familia. Mwenzetu mmoja alinaswa na chupa siku ya namna hiyo. Mwenye duka alilipa alichotakiwa kulipa na kesho yake asubuhi shata lilikuwa juu, biashara kama kawaida. Mwenzetu alipata kitu kinachoitwa "mambo yako yanafuatiliwa". Pale mgeni anajisajili kwenye ofisi ya wageni, FRRO, na ili kuongeza muda wa kukaa anahitaji barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba kweli ni mwanafunzi wao, bonafaidi wanaiita. Chuo kikasema hakitoi barua mpaka polisi waseme yameisha. Polisi wakasema waulizeni FRRO. FRRO wakasema lete barua ya chuo. Muhula mzima kijana anazunguka na faili kwapani. Ubalozi wetu uko New Delhi, treni ya karibu siku nzima kutoka Pune, na hata ukifika utaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba sheria za wenyeji ziheshimiwe. Mama yake hapa Tabora alikuwa anauza asali na kutuma ada. Mpaka leo hajaambiwa. Nani alikuwa amemwelekeza kwenye lile shata? Mtanzania mwenzetu mzoefu, aliyekuwa amemaliza mitihani na tiketi ya kurudi mkononi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watu wanasimulia mbinu walizotumia wao, hawasimulii bahati waliyokuwa nayo.

Halafu kuna jambo ambalo mzoefu wetu wa pilau hakuligusa hata kwa bahati mbaya. Maharashtra, jimbo lenye Pune, sheria inataka uwe na miaka 21 kununua bia na 25 kununua pombe kali. Ishirini na mitano! Kijana wetu kamaliza kidato cha sita juzi. Kwake yeye kule kila siku ni drai dei. Mnamfundisha kuruka ukuta wa siku moja wakati yuko nje ya geti mwaka mzima.

Na kuna majimbo ambayo hayana utani hata kidogo. Gujarat pombe imekatazwa tangu jimbo lilipoundwa 1960, Bihar tangu 2016, na huko kosa halianzii kwenye kuuza. Kukutwa nayo tu kunatosha. Mgeni anaweza kuomba kibali Gujarat, sawa, lakini mwanafunzi anayepanda treni Mumbai kwenda kumtembelea rafiki Ahmedabad na chupa kwenye begi haombi kibali, anaimba nyimbo. Treni ikifika stesheni ya Vapi tayari uko Gujarat. Hakuna bango linalokuonya dirishani.

Kuhusu kinachouzwa nyuma ya duka, sitarefusha, ila mtu asiniambie "inakuwa ileile". Siku ya marufuku ndiyo siku ya mchanganyaji. Punjab, kati ya Julai na Agosti 2020, pombe ya sumu iliua zaidi ya watu 100. Bihar, Desemba 2022, zaidi ya 70. Ni methanoli, ambayo mwili unaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho kabla ya kumaliza kazi. Harufu yake haikuonyi na ulevi wake haukuambii kitu. Wanzuki wa hapa kwetu angalau unajua asali imetoka Sikonge na unajua mtungi umesimama kwa nani. Kule unamnunulia mtu aliyefunika uso.

Kuna atakayesema natisha watu kwa India peke yake. Haya, twende Afrika Kusini. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, walifunga mauzo ya pombe tangu 27 Machi hadi 1 Juni, wakafungua, wakafunga tena 12 Julai, wakafungua Agosti, wakafunga tena mwishoni mwa Desemba, na 2021 kuanzia 28 Juni wakarudia. Sigara nazo zilikatazwa mpaka Agosti ya 2020. Dada yangu alikuwa Johannesburg. Huku Tabora baa ziko wazi, muziki unapigwa, sisi tunampigia simu tumsikilizishe sauti ya chupa zikigongana. Tulikuwa na roho mbaya, basi. Kule mananasi yalipanda bei kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ndoo ya mananasi, sukari na hamira. Yeye alifanya uamuzi ambao wenzake waliuona wa woga: hakununua ya magendo hata mara moja. Akaniambia, "Kaka, wenyeji wakikamatwa wanalipa faini. Mimi nikikamatwa wataanza kwanza na karatasi zangu."

Na hao wenyeji wenyewe hawakuwa salama. Aprili ile ya 2020, Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, Collins Khosa alipigwa na wanajeshi walioingia kwake wakimtuhumu kwa kunywa uani, akafa. Kunywa uani kwake hakukuwa kosa. Mwananchi huyo, nyumbani kwake. Mgeni ajipime.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande sana. Zile marufuku za Afrika Kusini zilikuwa na faida yake: madaktari wa vitengo vya dharura walisema majeruhi wa visu na ajali walipungua waziwazi kila pombe ilipofungwa, na vitanda vilihitajika kwa wagonjwa wa korona. Sipendi kulisema kwa sababu nawajua wanaolisubiri ili wahamie kwenye kupiga marufuku kila kitu. India nao, maduka ya pombe yaliyofungwa kwa korona yalipofunguliwa 4 Mei 2020, watu walibanana kwenye foleni kiasi kwamba Delhi kesho yake waliongeza tozo ya asilimia 70, na foleni haikuisha. Kwa hiyo marufuku haimponyi mtu kiu. Hilo nalo nakubali. Na unafiki upo tele, wenye pesa hawakosi hata siku moja, wanaojaa mahabusu ni makuli. Yote kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomsaidia mwanafunzi aliyekamatwa.

Mkitaka kumsaidia kijana, mpeni vitu vya kazi. Akifika, amuulize mwenye nyumba kalenda ya jimbo. Ajue umri wa kisheria wa pale alipo, maana ukivuka jimbo unabadilika. Siku hizo Watanzania wakutane kwa mtu mmoja wasonge ugali, bucha ikiwa imefungwa wale dengu, wacheze karata mpaka alfajiri. Tulikuwa tunafanya hivyo, na niseme ukweli, ugomvi wa karata za drai dei ulikuwa mtamu kuliko mikesha mingi ya bia niliyoihudhuria tangu nirudi. Na kama kuna anayeshindwa kabisa kupitisha hiyo siku moja, hapo mbinu za shata hazihusiki, atafute wa kuzungumza naye kwa utaratibu.

Najua tayari kuna anayeandika kwamba nimeokoka. Sijaokoka. Jumamosi mtanikuta karibu na stesheni, mahali pangu pale pale, na ya baridi mezani. Yule bwana wa shata naye huwa anakuja. Nitamkaribisha kiti, tutaongea mpira, tutaongea bei ya tumbaku. Akianza tena kumfundisha mtoto wa mtu namna ya kugonga milango ya watu ugenini, nitamkatiza mbele ya meza nzima, na bili nitamwachia yeye. Si anajua kulipa mara mbili.