Tuzo Yangu Ilivyomfufua Marehemu

Kwa kuwa rafiki yangu anayeshughulikia sauti ameshasambaza ujumbe wa dakika 3 katika makundi yote tuliyomo, likiwemo la kamati ya harusi ya mdogo wangu ambalo halihusiani kwa lolote na sanaa, sina budi kueleza kwa kinywa changu yaliyotokea Jumamosi kwenye onyesho letu la jukwaani. Yeye anadai kwamba nilisinzia kwenye meza ya taa. Sikusinzia, ndugu zangu. Laiti ningesinzia, marehemu angebaki marehemu.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mwezi uliopita nilipewa tuzo ya mbunifu bora wa taa za jukwaani, baada ya miaka 14 ya kupanda ngazi nikiwa na spana mfukoni na vidole vilivyoungua. Tuzo yenyewe ni kipande cha kioo kilichosimikwa juu ya kitako cha mti mgumu, kizito kama pasi ya mkaa, na jina langu limeandikwa humo likiwa na herufi moja ya ziada ambayo nimeamua kuizoea. Mnajua pia kwamba baba mkwe wangu, kwa miaka 7 sasa, huwaeleza watu kuwa binti yake ameolewa na fundi umeme, na kila niendapo kumwamkia hunipeleka moja kwa moja kwenye friji. Jumamosi ilikuwa mara yake ya kwanza kukubali kuja kutazama onyesho. Kwa hiyo niliibeba tuzo kutoka nyumbani, nikaisimamisha pembeni mwa meza ya taa, ili mwisho wa onyesho nimpandishe chumba cha taa aione ikiwa mahali pa kazi. Mnaotaka kuniita limbukeni mnaweza kuanza hapa, msisubiri.

Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa nimewahutubia vijana wawili wanaojifunza kazi kwangu habari za Tharon Musser, yule mama wa Kimarekani aliyetwaa Tony, tuzo kubwa ya maonyesho ya jukwaani kule kwao, mara 3 kwa ubunifu wa taa, na ambaye mwaka 1975, kwa onyesho la A Chorus Line, aliingiza Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mashine ya kompyuta inayokumbuka yenyewe mpangilio mzima wa mwanga. Kabla ya hapo, niliwaeleza, ilihitajika timu ya watu wakivuta vishikio vya taa kwa mikono, wakipokezana ishara, wakitoka jasho. "Mashine haisahau," nikasema huku nimenyoosha kidole. "Binadamu amebakiziwa kitufe kimoja tu." Hotuba hiyo niliitoa tuzo ikiwa kwapani.

Onyesho letu lilikuwa na mabadiliko 61 ya mwanga. Sisi wa kazi hii huyaita kyu, na bibi yangu aliponisikia siku moja nikisema kwenye simu kwamba nina kyu 61, aliagiza mtoto aletewe maji. Kila moja huhifadhiwa katika mashine pamoja na muda wake, na ukibonyeza kitufe kikubwa kilichoandikwa GO, inaingia ile inayofuata. Haiulizi nani amebonyeza.

Tulikuwa kwenye kyu ya 56. Mvuvi amezama, maiti yake imelazwa mkekani chini ya shuka jeupe, na mama yake anaingia usiku akiwa na kandili. Niliacha taa moja ya samawati kutoka nyuma, kwa asilimia 15, na nyingine ndogo ya rangi ya kaharabu iliyokuwa ikimfuata mama yule hatua kwa hatua, maana kandili yenyewe ni ya betri na haimuliki hata kiganja. Ukumbi ulinyamaza hata nikawasikia popo darini. Mama akapiga magoti na kuanza kuomboleza. Nikajiambia kwamba kama kuna wakati wa Baba kuelewa kazi ninayoifanya, basi ni huu. Nikajiinua kidogo kitini, nikachungulia safu ya 3 ili nione kama analia.

Kiwiko kikaigusa tuzo.

Naomba hapa twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe tangu Jumamosi siwezi kwenda haraka. Tuzo haikuanguka mara moja. Iliegemea upande wa ukuta, ikasita kana kwamba inatafakari, ikarudi upande wangu, nikaikosa kwa unene wa ukucha, ikaiporomosha taa yangu ndogo ya kusomea, kisha pembe ya kitako chake ikatua katikati ya GO kwa usahihi ambao mimi sijaufikia katika miaka 14. Kyu ya 57 ni alfajiri. Usiku wa manane, mama wa watu akiwa katikati ya kwikwi, jua likachomoza mgongoni pake kwa sekunde 5.

Hadi hapo wa kulaumiwa ni tuzo. Yaliyofuata ni yangu, na rafiki yangu hakuyasema kwa sababu hakuyaona. Kitufe cha kurudi nyuma kiko kando ya GO, nafasi ya kidole kimoja, na sasa nilikuwa gizani. Nikabonyeza nirudi usiku. Ikaingia ya 58, kumbukumbu ya harusi: waridi, chungwa, na madoadoa yanayozunguka sakafuni. Nikabonyeza tena, safari hii kwa hasira. Ikaja radi. Nikabonyeza tena, na likaja giza totoro, kyu ya 60, na mtu mwenye akili timamu angeondoa mikono mezani na kumshukuru Mungu. (Katika enzi za vishikio ningehitaji timu nzima ikosee pamoja nami kwa wakati mmoja, nimelifikiria sana jambo hili.) Lakini nilimsikia mama yule akiendelea kulia gizani, nikamwonea huruma, nikakitafuta kitufe cha kurudi kwa kupapasa, nikahesabu kutoka ukingoni, nikakibonyeza kwa dole gumba.

Kyu ya 61 ni mwanga wa kuagana. Taa zote 24, asilimia 100.

Sasa mfahamu kwamba marehemu wetu alikuwa chini ya shuka kwa dakika 11, na kwamba tangu mazoezi ya kwanza aliambiwa neno moja tu: shuka likijaa mwanga, inuka. Akainuka. Hakukurupuka, aliinuka kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, akalikunja shuka mara mbili, akaliweka juu ya mkeka, akasogea mbele ya jukwaa na kuinama. Nyuma yake mama, macho yamefumbwa, alikuwa amefika kwenye maneno "Mwanangu, inuka japo mara moja unitazame." Mtoto mmoja kwenye safu za katikati akasema kwa sauti iliyofika hadi kwangu juu: "Mama, ameitika!"

Marehemu akageuka. Mama akafumbua macho. Wakatazamana kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miaka yote niliyosoma Bagamoyo, kisha mama yule, ambaye heshima yangu kwake haitaisha, akanyoosha mkono kuelekea mkekani na kusema: "Lala!" Akalala. Akajifunika mwenyewe.

Yaliyobaki ni machache. Vicheko vilitulia, nikarudi kyu ya 56 kwa tochi ya simu, tukamaliza. Nilimwamkia mwongozaji wetu shikamoo kwa mara ya 4 siku hiyo, hakuitikia. Juu ya GO sasa kuna kifuniko cha kopo la siagi, kimewekwa na wale vijana wawili bila kuniuliza, wala sijakiondoa.

Baba mkwe alinisubiri mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani kazi yako ni kuwasha na kuzima. Kumbe mnafufua pia." Akaomba akae na tuzo siku chache awaonyeshe wenzake wa barazani. Jana nilikwenda kumsalimu. Ameiweka juu ya friji, na friji bado haigandishi.