Asili tupu, haina kemikali

Basi la Busia kwenda Kampala halijafika hata Iganga, jamaa anasimama karibu na dereva na kuanza mahubiri ya dawa yake ya mitishamba. Malaria, vidonda vya tumbo, presha, nguvu za kiume. Safari hii kaongeza kansa ya matiti. "Mama zangu, hii ni asili tupu, haina kemikali!" Chupa ni ya soda, kifuniko kimefungwa kwa nailoni, na watu wananunua. Nilikaa nimeuma meno mpaka Jinja.

Sina ugomvi na miti. Nimelelewa kwa mululuza, mti wa majani machungu, ule uchungu naujua. Na mululuza huo umeshapimwa maabara: dondoo la majani yake lilizuia seli za kansa ya matiti zisiongezeke. Ndani ya sahani ya kioo, lakini. Chumvi nayo, ukiizidisha kwenye sahani hiyo, inaua seli. Titi la mtu lina damu, lina mwenyewe, na mwenyewe ana ini na figo.

Wanaosema hospitali zinachukia dawa za miti waniambie paclitaxel, dawa ya kansa ya hospitali, inatoka wapi. Ilitoka kwenye gome la mti unaoitwa Taxus brevifolia, Marekani. Gome lilikusanywa 1962. Umbo la kemikali yake likatangazwa 1971. Mwaka 1979 mtafiti Susan Horwitz na wenzake wakaonyesha jinsi inavyoizuia seli isigawanyike. Ruhusa ya kuitumia kwa kansa ya matiti ilitoka Marekani 1994. Hesabu mwenyewe! Miaka thelathini na ushee ya kutenga kitu kimoja kutoka kwenye gome, kujua kiasi kipi kinatibu na kipi kinadhuru, kisha kukijaribu kwa wagonjwa. Jamaa wa basi yake kaipika lini? Na hiyo paclitaxel, mtoto halali wa mti, inanyoa nywele na kutia ganzi vidoleni. Asili tupu hiyo!

Kinachoniudhi zaidi ya pesa ni muda. Wanawake wengi Uganda wanafika hospitali kansa ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Jirani yetu mmoja aliona kivimbe kidogo, kisichouma, akaanza kunywa majani ya stafeli. Kwa kuwa hakikuuma, akasema dawa inafanya kazi. Kivimbe cha kansa mara nyingi hakiumi mwanzoni! Alipokwenda kukatwa kinyama cha kupima, kwapa nalo lilikuwa limevimba.

Haya, nakubali, shingo upande: mganga anakusikiliza. Anakuita mama, anauliza watoto wanakula nini. Kule hospitali ya Mulago, Kampala, foleni ni ndefu, nauli ya kutoka Arua au Kisoro si mchezo, na mwaka 2016 mashine ya mionzi, pekee nchini, ilikufa kabisa, nyingine ikaanza kazi 2018. Mtu angekwenda wapi?

Lakini ukishaanza dripu ya dawa ya kansa, usifiche chupa yako ya mitishamba. Paclitaxel inavunjwavunjwa na ini, na mitishamba mingine inalibadilisha ini hilo kasi: dawa inapungua nguvu, au inazidi ikakuumiza. Mtajie daktari jina la mti, sehemu uliyochemsha, na unakunywa vikombe vingapi. Nawe daktari, akikutajia usimfokee mbele ya foleni nzima, maana safari ijayo atakujibu "situmii kitu" huku chupa imo mkobani.