Mbuzi wa Sekunde 13

Mimi ni fundi baiskeli hapa Likoni, na Julai ikiingia mke wangu huwaambia majirani kwamba nimepandwa na mashetani. Wenzangu barazani wanabishana Arsenal na Manchester. Mimi niko Ufaransa, napanda milima. Kubashiri washindi wa zile mbio za baiskeli za wiki tatu ndiyo kazi yangu ya pili, ile isiyolipa. Na vigogo siwabashiri, maana kigogo hata mtoto wa chekechea atakutajia. Mimi humtafuta yule ambaye ukimtaja watu wanauliza, "Huyo naye katoka wapi?"

Ugonjwa huu ulinianza 2006. Mhispania Óscar Pereiro alikuwa ameachwa mbali kwenye Tour de France, wakubwa wakamwona hana madhara, wakamwachia atoroke siku ya kwenda Montélimar. Akawapiga karibu nusu saa! Baadaye Mmarekani Floyd Landis akafanya maajabu milimani kuelekea Morzine, akavishwa jezi ya njano ya mshindi Paris, kisha kipimo cha siku ileile ya maajabu kikatoka na testosteroni, homoni iliyopigwa marufuku. Mwaka uliofuata ushindi akapewa Pereiro. Nikajua basi kwamba mchezo huu una mistari miwili ya kumalizia: mmoja barabarani, mwingine maabara.

Sasa njoo Agosti 2011, Vuelta, mbio za wiki tatu za Uhispania. Saiba ya mtaani kwetu nikasoma kwamba kwenye mbio za kupigana na saa pale Salamanca, kijana mmoja amekuwa wa pili nyuma ya Mjerumani Tony Martin na kuvaa jezi nyekundu ya kiongozi. Jina lake Chris Froome. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa utumishi: kumkinga bosi wake Bradley Wiggins na upepo, na mkataba wenyewe ulikuwa unakaribia kwisha. Nilimjua. Mwaka 2006 alijiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg kwa kutumia baruapepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akafika, akaanza, na muda si mrefu akamgonga mwamuzi. Mtu wa namna hiyo ukimwacha hai atafika mbali.

Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfanyabiashara wa nazi kule Ukunda.

"Shemeji, Vuelta mwaka huu anachukua kijana wa Nairobi."

"Mkenya?"

"Kazaliwa Nairobi, 1985. Kafundwa baiskeli Kikuyu na David Kinjah, yule mwenye rasta. Siku hizi anaiendeshea Uingereza."

"Kumbe mzungu!"

"Mzungu, lakini ana kichocho."

Hoja hiyo nilidhani itamaliza ubishi. Ni kweli kabisa, madaktari walimkuta na kichocho, na tiba ndiyo ilikuwa inaanza kumrudishia nguvu. Shemeji alicheka mpaka nikasikia simu ikimwanguka. Aliporudi hewani akasema mgonjwa wa kichocho akishinda milima ya Uhispania, yeye anatoa mbuzi jike. Akishinda mtu mwingine yeyote chini ya jua, natoa mimi. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Yaliyofuata niliyasoma kwa kulipia dakika. Kwenye mlima Angliru, ambao sehemu nyingine mwinuko wake unapita asilimia 20, akachomoka Juan José Cobo, Mhispania ambaye hata mimi, bingwa wa wasiojulikana, sikuwa nimemtia kwenye hesabu. Akachukua jezi. Siku tatu baadaye, Peña Cabarga, Froome na Cobo wakatwangana mpaka mstarini, Froome akashinda kwa sekunde moja, na mimi nikapiga kelele hadi dada wa saiba akanidai faini ya kuwatisha wateja. Haikutosha. Madrid, Cobo akawa mshindi kwa sekunde 13. Na linaloniuma hadi leo ni kwamba bila zile sekunde za bonasi wanazopewa wa kwanza, wa pili na wa tatu, Froome ndiye aliyetumia muda mfupi zaidi. Sekunde 13 ni chafya mbili na alhamdulillah.

Nikampeleka mbuzi Ukunda. Shemeji akampa jina papo hapo: Kobo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo nilikuwa sijaona haja ya kulitaja. Yule mbuzi alikuwa wa mke wangu, zawadi kutoka kwa bibi yake. Nilimwambia nimempeleka kwa kaka yake apandwe na beberu. Mke wangu akaona ni wazo zuri. Kila alipouliza, nilimwambia bado hajashika mimba, au kashika, au kazaa na watoto bado wananyonya, na kwa bahati njema mbuzi haishi kunyonyesha.

Miaka ikapita. Froome akashinda Tour 2013, 2015, 2016 na 2017, na kila mara nilimpigia shemeji tuweke dau jipya, naye kila mara akajibu kwamba yeye si mjinga. Ilipovuma kwamba kipimo chake cha Vuelta ya 2017 kimeonyesha salbutamoli, ile dawa ya pumu, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, shemeji alinipigia simu bila kusema kitu. Alikuwa anahema tu kama mwenye pumu, kisha akakata. Kesi ikafungwa Julai 2018, mtu wangu akaonekana hana hatia. Siku hiyo nilimpigia mimi, nikavuta pumzi ndefu safi, nikakata.

Kisha ikaja Juni 2019. Siku ya kwanza, msiba: Froome akiwa Roanne anakagua njia ya mbio, akaachia usukani mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukampiga, akavaa ukuta kwa kasi ya kilomita 54 kwa saa. Paja, kiwiko, mbavu, vyote vimevunjika. Siku ya pili, huku yeye yuko kitandani hospitali, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ikatangaza kwamba Cobo amekutwa na hatia. Hawakumkamata na chupa mkononi. Walitumia pasipoti ya damu: wanaipima damu yako mwaka baada ya mwaka, na ikianza kupanda na kushuka bila sababu ya kimaumbile, hiyo yenyewe ni ushahidi. Ya kwake ilikuwa imetibuka 2009 na 2011. Ushindi unafutwa. Mshindi wa Vuelta 2011 ni Chris Froome wa Nairobi, mtu aliyeshinda mbio akiwa na mguu umefungwa plasta.

Nikampigia shemeji. Akasema Cobo ana mwezi mmoja wa kukata rufaa, nisubiri. Nikashangaa ameisoma wapi. Nikasubiri. Julai 18 hukumu ikawa ya mwisho, na kumbe mwisho wa wiki hiyo ndiyo posa ya binti yake. Mke wangu alishatangulia Ukunda kusaidia mapishi. Nikaona Mungu kanipangia: wazee wapo, mashahidi wapo, na hakuna mtu anayeweza kumfukuza shemeji yake siku ya posa. Nikavaa kanzu, nikatia kamba mfukoni, nikachapisha tangazo la UCI, nikakodi tuktuk ya kwenda, kusubiri na kurudi na mizigo.

Nilipofika wazee wa upande wa mume walikuwa wameketi jamvini, pilau imeshawekwa, dua imeshasomwa. Nyuma yao kwenye banda walikuwapo Kobo, wanawe na wajukuu, wamenona. Uzalendo ukanishinda. Nikasimama.

"Wazee wangu, kabla hamjala, nina neno kuhusu mbuzi wa nyumba hii."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Mbuzi hawa wamepatikana kwa dawa."

Kimya. Mzee mmoja akarudisha tonge taratibu, punje kwa punje. "Dawa gani, mwanangu?"

"Haikutajwa jina, mzee. Ila imeonekana kwenye damu."

"Damu ya nani?"

"Ya Cobo."

"Kobo ni nani?"

Mtoto wa shemeji, aliyekuwa anapitisha maji ya kunawa, akanyoosha kidole bandani. "Yule pale, mama yao wote." Kobo akalia, "Mee!"

Bi mkubwa mmoja kule ndani akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kijana wa upande wa mume akatema nyama kwenye leso. Shemeji akainuka jasho likimtiririka. "Wazee, si huyo mbuzi! Ni Mhispania!"

"Mhispania ndiye aliyemroga mbuzi?" akauliza yule mzee, na sasa hata viatu alikuwa anavitafuta.

Kilichotuokoa ni mzee mwingine, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyezeeka akisikiliza mashauri ya mirathi. Akatukalisha chini, akaniamuru nieleze kuanzia mwanzo, bila neno "dawa" mpaka atakaponiruhusu. Nikaeleza. Salamanca, Angliru, sekunde 13, bonasi, pasipoti ya damu. Nikamkabidhi karatasi. Akavaa miwani akaisoma yote, na ilikuwa ya Kiingereza cha wanasheria.

Akamgeukia shemeji. Shemeji akajitetea vizuri, lazima nikiri, kwa silaha nilizompa mwenyewe. Akasema Roberto Heras alinyang'anywa Vuelta ya 2005 kwa EPO, dawa ya kuongeza damu, akapewa Mrusi Denis Menchov, halafu mahakama za Uhispania zikamsafisha na 2012 Heras akarudishiwa ushindi wake. "Sasa mzee, nikimpa huyu mbuzi leo, kesho Cobo akirudishiwa, nitawafuata Likoni? Na huyo wake, ile pumu je?"

"Alisafishwa!" nikapiga kelele.

"Nyamaza," akasema mzee. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Huyo mbuzi mlioshindania, alikuwa mali ya nani?"

Nilipoteza sauti. Shemeji akanitazama, nikamtazama Kobo. Mlangoni kwa jikoni pazia likasogea, akatoka mke wangu, upawa mkononi, pilau bado inadondoka.

"Alikuwa wangu," akasema. "Zawadi ya bibi. Naambiwa yuko hapa kwa ajili ya beberu." Akanigeukia. "Miaka minane, baba watoto. Beberu gani huyo?"

Mzee hakuhitaji kufikiri. Kwanza, huo mchezo ni kamari, na kamari ni haramu, hivyo kati yetu wawili hakuna mshindi wala mshinde, Uhispania waamue watakavyo. Pili, mtu haweki rehani mali isiyo yake. Bibi huyu hakucheza kamari. Mali yake ilichukuliwa. Basi Kobo na kizazi chake chote ni wake, na shemeji atawalisha hadi atakapowachukua, kwa kuwa maziwa ameshayanywa. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba mahari imekubaliwa. Hapo hapo upande wa mume wakarudi kwenye sinia, na posa ikapita bila kupingwa; nasikia walisema ukoo unaohifadhi kumbukumbu ya sekunde 13 hautasahau mahari pia.

Mke wangu akaamua wadogo wabaki, Kobo arudi nyumbani siku ileile. Yeye akabaki kula. Mimi nikapakiwa kwenye tuktuk na Kobo, bila pilau, mbuzi kalala kwenye kanzu yangu.

Dereva alikuwa amesikia kila kitu kutoka nje ya ua. Tulipopita Tiwi akauliza, "Fundi, na ya mwaka huu nani atachukua?" Wakati huo jezi ya njano alikuwa nayo Mfaransa Julian Alaphilippe na Ufaransa nzima ilikuwa inalia kwa furaha. Nikasema Egan Bernal, Mkolombia, miaka 22. "Huyo naye katoka wapi?" akauliza, na nikajua nimempata. Akishinda, nauli nimesamehewa. Asiposhinda, nalipa mara mbili. Yule mzee alikuwa mbali, na Kobo hawezi kutoa ushahidi.

Bernal akavaa jezi siku ambayo mvua ya mawe na matope vilifunga barabara chini ya mlima Iseran, wakahesabu muda uliochukuliwa kileleni. Akafika Paris nayo, Mkolombia wa kwanza kushinda Tour. Nikamfuata dereva stendi. Kwanza akasema mbio ilikatwa na matope, hivyo anasamehe nusu. Nikamwonyesha matokeo. Akakuna kichwa, akakumbuka kwamba ni mimi mwenyewe niliyemsomea njiani kwamba tangu 2015 kanuni za dunia zinaruhusu kesi ya dawa kufunguliwa wakati wowote ndani ya miaka 10.

Akatoa daftari lake la madeni, akaandika: "Fundi, nauli ya mbuzi, haijaamuliwa hadi Julai 2029." Na kila akipita mbele ya kibanda changu hupiga honi, akachungulia nje na kuuliza kama Mkolombia bado yuko safi.